Mama ana rovu, muuzaji anasema mwani utamponya

Msomaji wa Tanga ameniandikia hivi:

"Shikamoo mzee. Mama yangu ana miaka 63. Rovu analo tangu mimi niko shule ya msingi na halikuwahi kumsumbua. Mwaka huu ameanza kukonda huku anakula vizuri, mikono inatetemeka, moyo unamwenda mbio, usiku halali. Hospitali wamempa kabimazoli na propranololi. Vidonge vya sukari, glibenklamidi, anavyo siku nyingi. Sasa shoga yake kamletea jeli ya mwani iliyochanganywa na muarobaini. Muuzaji anasema rovu ni upungufu wa madini joto, na mwani una madini joto pamoja na mengine, jumla madini 92 kati ya 102 ambayo mwili unahitaji. Kwa hiyo anywe vijiko viwili asubuhi na viwili jioni, na vidonge aviache kidogo kidogo. Ana wiki tatu anakunywa. Mimi nanyonyesha mtoto wa miezi minne, na nimeanza kuonja kijiko kwa ajili ya nguvu. Je, tuendelee? Na kama mwani si dawa ya rovu, mbona zamani walitibia?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na la leo, la zamani litafuata.

Jeli isimame leo, yake na yako. Msingoje chupa iishe. Vidonge vya hospitali asiviache hata kimoja, na kama ameshaanza kuvipunguza, nendeni kliniki kesho asubuhi mkaseme hivyo hivyo bila kuficha. Msisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Kuna mambo mawili ambayo yakitokea hamngoji hata asubuhi. La kwanza, homa pamoja na koo kuuma au vidonda mdomoni. Kwa watu wachache sana kabimazoli hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, na dalili yake ya mwanzo ni koo tu, jambo ambalo mtu angelitibu kwa tangawizi na ndimu akalala. Mama akipata hali hiyo apimwe damu siku ile ile. La pili, homa kali na moyo kwenda mbio kupita kawaida, pamoja na kutapika, kuharisha, au kuanza kusema mambo yasiyoeleweka. Hiyo ni homoni ya tezi iliyofurika mwilini, na inaua. Mtu aliyekatisha vidonge ghafla yuko karibu nayo kuliko mwingine.

Sasa tuzungumze.

Kosa la yule muuzaji liko kwenye neno lenyewe. Rovu, au goita kama tunavyosema siku hizi, ni jina la uvimbe. Ni kama neno homa: homa ya malaria ni homa, na homa ya nimonia ni homa, lakini hakuna anayemtibu mgonjwa wa nimonia kwa dawa ya malaria kisha akashangaa haponi. Tezi ya shingoni, ile wanayoiita tezi dundumio, inaweza kuvimba kwa sababu haifanyi kazi ya kutosha, kwa sababu inafanya kazi kupita kiasi, kwa sababu kinga ya mwili inaishambulia, au kwa sababu ndani yake mna kinundu, na kinundu chenyewe kinaweza kuwa cha heri au cha shari. Shingo kwa nje ni ile ile.

Tezi hii inatengeneza homoni inayoamua mwili uchome chakula kwa kasi gani. Malighafi yake ni madini joto, yaani iodini. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha 250. Ni kidogo mno. Piga hesabu ya maikrogramu 150 kila siku kwa miaka 70, hutafikisha gramu nne. Lakini kidogo hicho kikikosekana tezi hutanuka ili ijaribu kunasa kila chembe inayopita kwenye damu, na hapo ndipo rovu la upungufu linapozaliwa. Hilo muuzaji amelisema sawa, na huko nyanda za juu ambako mvua imeosha udongo kwa karne nyingi, lilikuwa ugonjwa wa vijiji vizima.

Asilolijua ni kinachotokea baadaye. Rovu likikaa miaka 30 shingoni, ndani yake huota vinundu, na baadhi ya vinundu huacha kusikiliza amri. Tezi ya kawaida ina bwana wake, kitezi kidogo chini ya ubongo kinachoiambia ongeza au punguza. Kinundu kilichoasi ni kama mashine ya kusaga iliyokatika swichi. Maadamu mahindi ni haba, inazunguka taratibu na jirani hawaoni tatizo. Iletee gunia kumi, itasaga usiku kucha mpaka unga umwagike barabarani. Madini joto ndiyo mahindi.

Mama yako, kwa dalili ulizoniandikia, unga unamwagika. Kukonda huku anakula, kutetemeka, moyo mbio, kukosa usingizi, na zaidi ya yote ile kabimazoli: dawa hiyo hapewi mtu ambaye tezi yake imelala. Hupewa yule ambaye tezi yake inakimbia, na kazi yake ni kuizuia tezi isitumie madini joto kutengeneza homoni. Kwa hiyo asubuhi mama anameza kidonge cha kufunga mlango, halafu anakunywa vijiko viwili vya kuusukuma. Madini joto mengi yakijazana kwenye tezi, kabimazoli huchelewa kufanya kazi au hushindwa kabisa, na daktari asiyejua habari ya jeli ataona dawa haifai na kuongeza dozi. Dawa ya moto ni moto, watu husema. Kwenye tezi ya namna hii msemo huo ni hatari.

Na wala si jambo lililogunduliwa jana. Umeuliza mbona zamani walitibia, na swali hilo ndilo lililonifanya niandike kwa urefu, maana jibu lake ni kwamba ndiyo, walitibia, na walifaulu, na baadhi yao waliumiza watu kwa njia hii hii.

Waganga wa China walikuwa wanaandika mwani kwa ajili ya uvimbe wa shingo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ulaya walichoma sifongo ya baharini wakampa mgonjwa majivu yake. Hakuna aliyejua ndani mna nini. Mwaka 1811, Mfaransa Bernard Courtois alikuwa anatengeneza chumvi ya baruti kwa vita vya Napoleon, akitumia majivu ya mwani. Siku moja alizidisha tindikali, ukapanda mvuke wa zambarau, ukaganda kuwa vipande vyeusi vinavyong'aa. Ndiyo iodini, na jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki la rangi hiyo. Mwaka 1820 daktari wa Geneva, Jean-François Coindet, akaunganisha mambo mawili: kama sifongo iliyochomwa inapunguza rovu, na iodini inatoka kwenye viumbe vya baharini, basi huenda ndiyo dawa yenyewe. Akawapa wagonjwa, marovu yakanywea. Mji mzima ukaitaka. Mwaka uliofuata Coindet mwenyewe akawa anaeleza wagonjwa waliokonda, moyo ukawaenda mbio, wakatetemeka. Soma tena barua yako, mwanangu. Ni mama yako, miaka 200 kabla.

Mfano wa karibu zaidi: Zimbabwe ilipoanza kutia madini joto kwenye chumvi ya nchi nzima miaka ya 1990, madaktari wa huko waliona wagonjwa wa tezi inayokimbia wakiongezeka, na wakachapisha habari hiyo mwaka 1995. Kivu, upande wa Kongo, lilionekana jambo la aina hiyo hiyo. Walioathirika zaidi walikuwa watu wazima wenye marovu ya siku nyingi, yenye vinundu. Hapo nisieleweke vibaya. Chumvi yenye madini joto imewaokoa watoto wengi mno wasizaliwe na akili iliyodumaa, na ningekuwa na uwezo ningehakikisha hakuna jiko lisilo nayo. Chumvi hiyo ya kawaida mama aendelee kuitumia jikoni, na samaki ale, isipokuwa daktari wake aseme vingine. Ninachosema ni kwamba kitu kinachofaa kwa taifa kinaweza kumuumiza mtu mmoja ambaye tezi yake ina historia.

Na sisi wa pwani tusijidai kwamba tumekula bahari ya kutosha. Watafiti walipowapima watoto wa shule Unguja na Pemba, mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliwakuta na upungufu wa madini joto, Pemba zaidi, visiwani kabisa, samaki mlangoni. Samaki hana madini joto mengi kama watu wanavyodhani, na chumvi ya mashambani kwetu ilikuwa haitiwi kitu.

Sasa huo mwani wenyewe. Neno mwani kwetu ni pana kama neno majani. Ukimwambia mtu "kanywe majani", atakuuliza majani gani, maana kuna mchaichai na kuna mnanaha, na kuna majani yatakayomlaza kaburini. Lakini ukimwambia "kanywe mwani", hakuna anayeuliza.

Upo mwani wa kahawia, ule mkubwa wa bahari za baridi, kama kombu ya Japani. Huu ndio wenye madini joto ya kutisha: gramu moja kavu ya kombu inaweza kuwa na zaidi ya maikrogramu 2,000, yaani zaidi ya mahitaji ya siku kumi na tatu kwenye kipande kisichojaza kiganja. Dawa za Kichina za rovu zilitokana na jamii hii. Kisha upo mwekundu, na huo ndio unaolimwa kwetu tangu mwaka 1989, ulipoanza Paje na Jambiani kwa mbegu kutoka Ufilipino. Wakulima wanatofautisha mwani mwembamba, unaoitwa spinosum sokoni, na mwani mnene, cottonii, ambao una bei nzuri lakini unaugua maji yakipata joto. Aliyewahi kuingia nao majini wakati wa bamvua, kiuno kimeinama saa tatu, jua la saa sita mgongoni, anajua kwa nini wengi wa wakulima hawa ni kina mama na kwa nini hawapendi mzaha juu ya bei. Mwani mwekundu kwa kawaida una madini joto machache kuliko wa kahawia, na ukioshwa, ukianikwa na kuchemshwa unapoteza mengine.

Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba chupa ya mama haina madini joto ya kumfikisha popote. Inawezekana pia ni mwani wa kahawia uliookotwa ufukweni, au unga wa kombu ulioagizwa kutoka nje, na vijiko vinne kwa siku ni balaa. Lebo haikuambii. Hapo ndipo ninapogomba na biashara hii. Muuzaji akidai madini joto ni mengi kiasi cha kutibu, basi ni mengi kiasi cha kudhuru na anapaswa kutaja kipimo. Akisema ni machache hayadhuru, basi hayatibu. Achague moja.

Hizo 92 kati ya 102 zimenifurahisha, maana nimekutana nazo mara nyingi. Zilienezwa na mganga mmoja wa Honduras aliyefanya kazi Marekani, Alfredo Bowman, maarufu kwa jina la Dr. Sebi, aliyefariki mwaka 2016. Hakuwa daktari. Elementi zote zinazojulikana duniani ni 118, na zinazopatikana kwa asili ni takriban 94. Ukisema kijiko kina 92 kati ya hizo, umekiri kina aseniki, risasi, zebaki na urani. Mwili unahitaji ishirini na kitu tu. Na bahati mbaya mwani kweli hunyonya chochote kilichomo majini: Uingereza iliwaonya wananchi wake mwaka 2004 wasile hijiki, mwani mweusi wa Japani, kwa sababu ya aseniki. Kwa hiyo ukivuna karibu na mfereji wa bandari umevuna na bandari.

Usidhani naudharau mwani. Ni kinyume. Kama ningekuwa na mjukuu anayetafuta cha kusomea ningemwambia mwani, kwa sababu dawa zimo, ila si zile zinazopigiwa debe.

Nikupe mfano ninaoupenda kuliko yote. Japani walikuwa na mwani mwekundu mmoja, Digenea simplex, waliowanywesha watoto wenye minyoo. Wanasayansi walipouchunguza, wakatoa ndani yake kitu kinachoitwa asidi ya kainiki, wakachapisha habari yake mwaka 1953. Kinamlegeza mnyoo mpaka anashindwa kujishikilia tumboni. Bibi waliokuwa wanachemsha ule mwani walikuwa sahihi kabisa. Lakini asidi hiyo hiyo, ikitiwa kwenye ubongo wa panya, inaleta kifafa, na leo maabara duniani zinaitumia kuchunguzia kifafa. Ndani ya kitu kimoja mna dawa ya minyoo na mna sumu ya ubongo, na kinachozitenga ni kipimo na njia ya kuingilia mwilini.

Mfano mwingine unatoka kwetu. Ule mwani mwembamba wa Paje ukichemshwa unatoa ute unaoitwa karaginani ya aina ya iota. Neno lenyewe ni la Kiairishi, la mwani wao wa mwambani, ambao walikuwa wanauchemsha na maziwa kumpa mtu mwenye kikohozi. Ute huo hukaa kama utando juu ya ngozi laini, na leo kuna dawa ya kupulizia puani iliyotengenezwa kwa iota. Majaribio yalipojumlishwa, mafua ya waliopuliza yalipungua kwa siku mbili hivi. Argentina, wakati wa Korona, wahudumu wa afya 394 waligawanywa mafungu mawili, fungu moja likapuliza iota na jingine maji ya chumvi: walioambukizwa walikuwa asilimia 1 upande wa kwanza na asilimia 5 upande wa pili. Ni jaribio moja na dogo, lakini ni la haki. Angalia lakini: puani. Utando unamzuia kirusi pale anapotua. Ukiula unapita tumboni kama uji wowote ule. Nao mwani wa kahawia hutoa alginati, iliyomo kwenye dawa nyingi za kiungulia, inayoelea juu ya asidi ya tumbo kama mafuta juu ya mchuzi. Hakuna hata moja kati ya hizi inayogusa tezi.

Na wazee wetu wa pwani, kwa jinsi ninavyowajua, mwani hawakuula sana. Walijua mizizi, magome na majani. Hii habari ya jeli imekuja na simu, imetoka Jamaika na Marekani, ikavalishwa kanzu ya tiba asili ya Mswahili. Mtu akikwambia "bibi zetu walikunywa", muulize bibi gani.

Muarobaini, huo bibi zetu waliujua kweli, ingawa nao mti ulitoka Bara Hindi ukaja ukapewa jina la kutibu maradhi arobaini. Majani yake hushusha sukari, na hilo limeonekana kwa wanyama wa maabara na katika majaribio kadhaa kwa watu. Ndiyo maana naogopa kwa mama. Glibenklamidi inaishusha sukari bila kuuliza umekula au hujala. Ukiongeza muarobaini usio na kipimo, sukari inaweza kuporomoka alfajiri. Mtu ambaye sukari imeshuka kwa kawaida huonywa na mwili: anatetemeka, moyo unadunda, anatoka jasho. Propranololi inazima kutetemeka na kuzima mdundo. Linabaki jasho peke yake. Kwa hiyo ukimkuta mama ameloa jasho na amechanganyikiwa, mpime sukari, na kama hakuna kipimo mpe chai yenye sukari maadamu anaweza kumeza, kisha mkimbie hospitali.

Mafuta ya mbegu za muarobaini ni jambo jingine kabisa, na hilo uwaambie na jirani: mtoto mdogo asinyweshwe hata kijiko. Wapo watoto waliopata degedege na kupoteza fahamu baada ya kunyweshwa, na Malaysia wamewahi kuandika vifo. Mti ni mmoja, lakini jani na mbegu ni vitu viwili.

Nije kwako na mtoto, maana umelipitisha kwa haraka kama jambo dogo. Madini joto hupita kwenye maziwa ya mama, tena mwili huyasukuma huko kwa makusudi kwa sababu mtoto anayahitaji. Yakizidi, tezi ya mtoto mchanga hujifunga, na tofauti na ya mtu mzima, haijui vizuri kujifungua. Tezi iliyojifunga katika miezi hii ni ubongo unaokosa homoni wakati unajijenga. Australia mwaka 2009 iliondolewa sokoni aina moja ya maziwa ya soya yaliyotiwa kombu, baada ya watu kuugua tezi, na mtoto mchanga alikuwa miongoni mwao. Sikuambii haya ili usilale. Kijiko ulichoonja huenda hakikuwa na lolote. Lakini mtoto akiwa mzito wa kunyonya, analala kupita kiasi, anapata choo kigumu, sauti ya kilio imekuwa nzito, mpeleke apimwe tezi na useme kwa nini umekuja. Asiwe na dalili, acha jeli, endelea kunyonyesha. Nguvu zako utazipata kwenye uji, dagaa, mchicha na usingizi, huyu bwana mdogo akikuruhusu.

Kliniki muombe TSH, yaani ile amri inayotoka kwenye kitezi cha chini ya ubongo, na homoni za tezi zipimwe tena, na kama shingo haijawahi kupigwa picha ya mawimbi ya sauti, ulizeni. Umri wake, rovu la siku nyingi na dalili mpya ni sababu tosha. Semeni tarehe ya kijiko cha kwanza na cha mwisho. Hilo lina maana kuliko mnavyodhani, kwa sababu huenda daktari akataka baadaye kumtibu kwa iodini yenye mionzi, kama wanavyofanya pale Ocean Road, Dar es Salaam, na tezi iliyoshiba madini joto haiipokei dawa hiyo. Italazimu kungoja wiki kadhaa mpaka mwili ujisafishe.

Najua kwamba mama hatapenda kusema mbele ya daktari. Wagonjwa wengi hawasemi. Nikiwa dirishani pa kutolea dawa nimeulizia miti shamba mara nyingi, nikajibiwa "hapana" na mtu ambaye mkoba wake unanukia shubiri. Wanaogopa kufokewa, na wakati mwingine wanafokewa kweli. Basi sema wewe. Kama daktari ni wa kufoka, na afoke kwako.

Na huyo shoga wa mama asionekane adui. Alileta alichoamini. Muuzaji naye simwiti tapeli nisiyemjua. Tanzania Bara ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, na baraza lake linasajili waganga na dawa. Muulizeni namba ya usajili, aina ya mwani, ulivunwa wapi, na madini joto ni kiasi gani kwa kijiko. Mwenye majibu atajibu. Muhimbili wana taasisi ya tiba asili tangu mwaka 1974, hawaogopi mti wowote, na hakuna hata mmoja ninayemjua pale anayemwambia mgonjwa aache kabimazoli. Hilo la kuacha vidonge ndilo nisilolisamehe. Walioona foleni za Samunge, Loliondo, mwaka 2011, watu wakienda kunywa kikombe cha dawa ya mti kwa yule mchungaji mstaafu, wanakumbuka: kilichotutia hofu sisi wa dawa hakikuwa kikombe kimoja cha mugariga. Ni vidonge ambavyo watu walikuwa wameviacha nyumbani.

Chupa usiimwage. Ifunge vizuri, iweke kwenye mfuko pamoja na vidonge vyote, kadi ya kliniki na karatasi za vipimo vya zamani, na uende nayo kesho. Andika juu yake kwa kalamu: vijiko vinne kwa siku, wiki tatu. Kisha niandikie TSH imesomaje.